Wote, au Wawili Wawili?

Mafuta yakikosekana Bujumbura, na siku hizi hukosekana mara kwa mara, gereji za Buyenzi hugeuka baraza. Magari yamelala, spana zimelala, benchi la kufungulia injini linawekewa birika la chai. Alasiri moja nilikalia benchi la namna hiyo, si mbali na mto Ntahangwa, nikasikia ubishi ambao sikuutarajia mahali pale: ubishi wa namba. Si wa bei, si wa mgawanyo wa mirathi. Namba zenyewe, kuanzia 1 hadi 20.

Waliokuwepo ni hawa. Fundi, mwenye gereji. Mwalimu, mstaafu, aliyeanza kusoma Ujiji kwa Kiswahili kisha akasomesha hisabati huku kwa Kifaransa mpaka mvi zikamjaa. Mama, muuza nafaka, ambaye alikuwa na meza yake katika soko kuu hadi lilipoungua Januari 2013, sasa yuko Ruvumera. Binti wa Fundi, anayesoma hisabati chuo kikuu. Na Haji, jirani, ambaye huja kwa ajili ya chai na hubaki kwa ajili ya maneno. Majina nayaacha. Maneno nimeyapanga ili yasomeke, maana pale walikuwa wakikatizana.

BINTI: Zoezi lenyewe ni mstari mmoja, baba. Katika namba 1 hadi 20, kuna seti ngapi zenye namba mbili au zaidi ambazo hazishiriki kigawo? Mimi nimepata 3,211. Mwenzangu ninayekaa naye dawati moja amepata 1,047,478. Jana tumekesha tunakaguana daftari. Hakuna aliyekosea kujumlisha.

FUNDI: Mmoja kakosea tu. Tairi moja halina presha mbili.

MAMA: Kwanza kigawo ndiyo nini? Mtu asianze kunihesabia mzigo ambao sijaufungua.

MWALIMU: Kigawo, Mama, ni namba inayoigawa nyingine bila kubakiza. 3 ni kigawo cha 12. 5 si kigawo cha 12, maana unabakiwa na 2 mkononi.

MAMA: Na 1?

MWALIMU: 1 inagawa kila kitu.

MAMA: Basi wote wanashiriki 1. Jibu ni sifuri, tunywe chai.

(Tulicheka, lakini Mwalimu hakucheka sana. Alisema hilo ndilo swali ambalo wanafunzi wake wa sekondari hawakuthubutu kuliuliza.)

MWALIMU: 1 hatuihesabu. Ni kama hewa. Siwezi kudai mimi na wewe tuna ubia kwa sababu sote tunapumua. Tunatafuta kigawo kikubwa kuliko 1. Ujiji tulifundishwa KKS, Kigawo Kikubwa cha Shirika. Nilipovuka kuja huku nikakuta wanaiita PGCD. Ni kitu kilekile kimevaa suti ya Kifaransa. KKS ikiwa 1, tunasema namba hizo hazishiriki kigawo.

BINTI: Hapo ndipo tunapoachana, Mwalimu. KKS ya nani? Ya wote kwa pamoja, au ya kila wawili? Chukua 6, 10 na 15. 6 na 10 zinashiriki 2. 6 na 15 zinashiriki 3. 10 na 15 zinashiriki 5. Kila mmoja ana ubia na kila mwenzake. Utasemaje hawa hawashiriki kitu?

MWALIMU: Nasema hivyo, na sibadilishi. Nitajie namba moja, moja tu, kubwa kuliko 1, inayowagawa wote watatu.

BINTI: Hakuna.

MWALIMU: Shirika ni la wote. Ndiyo maana ya neno.

Nikiri kwamba hapo nilidhani mjadala umekwisha, na kwamba Binti ameshindwa kwa hoja ya kamusi. Aliyeufungua upya, bila kukusudia, ni Mama. Lakini alianza kwa kumuunga mkono Mwalimu.

MAMA: Hizo 6, 10 na 15 ni kilo?

MWALIMU: Fanya ni kilo. Una mizani ya vitanga viwili na mawe matatu tu: la kilo 6, la kilo 10, la kilo 15. Mteja anataka mchele kilo moja. Utampimia?

Mama hakuomba kalamu. Aliangalia mikono yake miwili, akainua mmoja, akashusha mwingine.

MAMA: Jiwe la 6 na la 10 huku. Jiwe la 15 kule. Kule nakosa kilo moja. Namiminia mchele kule mpaka vitanga vilingane. Mteja achukue mchele wake aende.

MWALIMU: Sasa nikuibie jiwe moja. Nakuachia la 6 na la 10.

MAMA: Hapo… nne napata. Nikipima zaidi ya mara moja, mbili napata. Moja sipati. Tatu sipati.

MWALIMU: Hutaipata mpaka kiama. 6 na 10 zina 2 ndani yake, basi kila utakachopima kitakuwa shufwa. Ukibaki na 6 na 15, utapima mafungu ya tatu tu. Ukibaki na 10 na 15, mafungu ya tano. Kila jozi imefungwa mnyororo wake. Walete wote watatu, minyororo inakatika, unapima kilo yoyote duniani. Hiyo ndiyo faida ya kutokuwa na kigawo cha wote. Haijali wawili wanafanya nini pembeni.

MAMA: Na kama ni mifuko iliyoshonwa, siifungui? Mifuko ya 6, ya 10 na ya 15, mteja anataka jumla fulani.

MWALIMU: Kilo 29 huwezi. Kuanzia 30 kwenda juu, unaweza zote, bila kuruka hata moja. 31 ni mfuko mmoja wa kila aina. Jaribu usiku ukifunga hesabu.

MAMA: Basi mimi niko na Mwalimu. Sokoni tunataka mawe yanayofika kila mahali.

Fundi alikuwa kimya muda wote huo, anafuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. Nilimwona anasubiri zamu yake kama dereva anayesubiri gari la mbele litoke kwenye pampu.

FUNDI: Sasa njooni kwangu. Hii ndiyo difu ya Toyota. Gia ndogo hii ina meno 10. Kubwa hii, meno 41. Kwa nini 41? Kwa nini wasingeweka 40, hesabu ikatoka safi, nne kwa moja?

HAJI: Wajapani hawapendi usafi?

FUNDI: Weka 40 kwa 10. Jino la kwanza la gia ndogo litakutana na meno manne tu ya gia kubwa, yaleyale, asubuhi mpaka jioni, mwaka hadi mwaka. Jino likiwa na kovu, linawauma wanne walewale mpaka wanavunjika. Weka 42, zinashiriki 2: kila jino dogo linakutana na nusu ya makubwa, 21, nusu nyingine haliijui. Weka 41, hazishiriki kitu: kila jino dogo linapita kwa kila jino kubwa. Gia ndogo izunguke mara 41, makutano 410, ndipo wawili wa mwanzo wanaonana tena. Ulaji unakuwa sawa kwa wote. Ndiyo maana utakuta 41 kwa 10, 43 kwa 10, 37 kwa 9. Mimi hesabu sijasoma, lakini mikono yangu imezihesabu hizo.

BINTI: Kwa hiyo baba uko upande wangu! Wawili wawili.

FUNDI: Taratibu. Niko upande wa gia zinazogusana. Nikipanga gia tatu kwa mstari, ya kwanza inagusa ya pili, ya pili inagusa ya tatu. Ya kwanza na ya tatu hazijuani. Nikiweka 10, 41, 40, kazi inakwenda vizuri, na 10 na 40 zishiriki zitakavyo. Wewe unataka kila mtu aachane na kila mtu. Mwalimu anatosheka hata kila mtu akishikana na kila mtu. Mimi nauliza: nani anamgusa nani?

Hii ndiyo hoja iliyonifurahisha kuliko zote siku ile, na ndiyo iliyopewa nafasi ndogo kuliko zote, kwa sababu Binti alikuwa na haraka ya kuhesabu. Fundi mwenyewe aliiharibu kidogo kwa uaminifu wake: aliongeza kwamba si kila gia inataka kutoshiriki. Gia ya krenki na ya kemshafti lazima moja iwe na meno mara mbili ya nyingine kamili, la sivyo valvu zinafunguka wakati usio wake na injini inajila. Pale kushiriki ni amri.

HAJI: Mnasikia? Hata kwa majirani ni hivyo. Wako wa…

MWALIMU: Haji, tafadhali. Leo tusifanye mafumbo. Tukianza kuwaita majirani namba, hatutamaliza salama.

Haji akakubali, akajaziwa chai. Nami nilishukuru. Mji huu umeshawahi kuhesabu watu kwa namna nyingi, na si zote zilikuwa za heri.

BINTI: Basi tuhesabu kweli. Mwalimu, tuanze na njia yako, kwa sababu ndiyo rahisi.

MWALIMU: Rahisi ndiyo, na nzuri. Namba 20, kila moja iingie au isiingie. Hiyo ni 2 kujizidisha mara 20: 1,048,576. Toa seti tupu, toa seti za namba moja moja ambazo ni 20. Zinabaki 1,048,555. Hizo ndizo seti zote zenye wawili au zaidi. Sasa toa zile ambazo wote wanashiriki. Wanaoshiriki 2 ni seti zinazotoka ndani ya 2, 4, 6 mpaka 20. Namba kumi, seti 1,013. Wanaoshiriki 3: namba sita, seti 57. Wanaoshiriki 5: namba nne, seti 11. Wanaoshiriki 7: ni 7 na 14 tu, seti 1.

MAMA: Na 4? Wanaoshiriki 4?

MWALIMU: Wanaoshiriki 4 wameshatoka na wale wa 2. Usimfukuze mtu aliyekwisha kutoka.

MAMA: Lakini kuna waliofukuzwa mara mbili. Seti ya 6 na 12: umeitoa kwa 2, ukaitoa tena kwa 3.

MWALIMU: Na dawa yake?

MAMA: Kama nimemkata mtu deni mara mbili, namrudishia mara moja. Si hisabati hiyo, ni daftari.

MWALIMU: Ndani ya 6, 12 na 18 kuna seti 4. Ndani ya 10 na 20 iko 1. Rudisha 5. Basi wanaoshiriki wote ni 1,013 na 57 na 11 na 1, toa 5: 1,077. Ukiitoa katika 1,048,555 unapata 1,047,478. Rafiki yako wa dawatini yuko sahihi mpaka namba ya mwisho.

Kanuni hii ya kutoa na kurudisha Mama aliitoa kichwani, lakini ina wenyewe. Mjerumani August Möbius aliichunguza mwaka 1832: toa kwa namba tasa moja, rudisha kwa mbili zilizozidishana, toa kwa tatu, na namba yenye tasa ileile mara mbili, kama 4 au 9 au 12, usiiguse kabisa. Na mwaka 2007 mwanahisabati Melvyn Nathanson alichapisha makala iliyoandika kwa mstari mmoja idadi ya seti hizi kwa kikomo chochote, si 20 tu. Mstari mmoja. Ndiyo sababu Mwalimu aliiita nzuri, na ndiyo sababu, kwa maoni yangu, wanahisabati hupenda maana yake kuliko ya Binti: kitu kinachohesabika kwa urahisi huwa kinaonekana ndicho kilichokusudiwa.

(Na tasa, jamani! Kiswahili kimeziita tasa namba ambazo ndizo zinazozaa nyingine zote. Kifaransa kinaziita za kwanza. Aliyetafsiri aliangalia kwamba hazizaliwi na wengine, akasahau kuangalia watoto wao. Lakini neno limeshakaa, nami nalitumia.)

BINTI: Sasa yangu. Yangu haina mstari mmoja. Inabidi kuingia nyumba kwa nyumba.

FUNDI: Ingia.

BINTI: Kwanza walio wapweke. 11, 13, 17 na 19. Ndani ya 20 hawana ndugu yeyote, maana 22 iko nje. Kila mmoja anaweza kuingia au kutoingia katika seti yoyote bila kumuudhi mtu. Wanne, kila mmoja njia mbili: 16. Na 1 vilevile, haimuudhi mtu: 32. Kwa hiyo chochote nitakachopata kwa waliobaki, nitazidisha kwa 32.

MAMA: Waliobaki ni wale wenye ndugu.

BINTI: Ndio. Fanya ni basi dogo lenye viti vinne: kiti cha 2, kiti cha 3, kiti cha 5, kiti cha 7. Kiti cha 2 wanakigombea 2, 4, 8 na 16. Akae mmoja au kibaki wazi: njia tano. Kiti cha 3: 3, 9, au wazi: njia tatu. Kiti cha 5: 5 au wazi. Kiti cha 7: 7 au wazi. Tano mara tatu mara mbili mara mbili: 60.

FUNDI: Na 6 anakaa wapi?

BINTI: 6 ni yule abiria anayekalia viti viwili na kulipa nauli ya kimoja. Anakalia cha 2 na cha 3 kwa mpigo. 12 na 18 vilevile. Akipanda mmoja wao, vimebaki viti vya 5 na 7, njia nne. Abiria watatu mara nne: 12. Kisha 10 na 20, wanakalia cha 2 na cha 5. Vimebaki cha 3 na cha 7, njia sita. Wawili mara sita: 12. Kisha 14, cha 2 na cha 7, njia sita. Kisha 15, cha 3 na cha 5. Njia tano za kiti cha 2 mara mbili za kiti cha 7: 10.

HAJI: Na 14 na 15 wakipanda pamoja?

Wote walimgeukia. Binti alitabasamu kama mtu aliyetegemea kwamba hakuna atakayeliona hilo.

BINTI: Haji kamshinda mwenzangu wa dawati. Wakipanda pamoja basi limejaa: 14 kakalia 2 na 7, 15 kakalia 3 na 5. Njia 1. Jumla: 60, 12, 12, 6, 10 na 1. Ni 101. Zidisha kwa 32: 3,232. Toa seti tupu, toa 20 za mtu mmoja mmoja: 3,211.

MWALIMU: Sawasawa kabisa.

FUNDI: Kwa hiyo wote wawili wako sahihi.

MWALIMU: Hesabu zote mbili ni sahihi. Maana mbili. Na tazama tofauti. Kwa maana yangu karibu seti zote zinapita: katika kila elfu moja, moja tu ndiyo inayokatwa. Kwa maana ya Binti, katika kila elfu zinapita tatu hivi. Swali moja, maneno yaleyale, na majibu mawili yaliyoachana kama Bujumbura na Mombasa.

BINTI: Na kadiri kikomo kinavyopanda ndivyo zinavyozidi kuachana. Za Mwalimu zinakaribia kuwa zote. Zangu zinaongozwa na namba tasa peke yake, kwa sababu basi lina viti vingi kadiri zilivyo namba tasa, na hakuna seti yangu inayoweza kuzidi viti hivyo, ukiongeza 1 anayesimama mlangoni. Mwaka 1990 wanahisabati Peter Cameron na Paul Erdős waliandika juu ya seti kama zangu. Hawakutoa kanuni ya mstari mmoja. Walitoa mipaka: idadi haishuki chini ya hapa, haipandi juu ya pale. Erdős mwenyewe, kwa namba! Kwa hiyo nikiambiwa njia yangu ni ya kienyeji, naona niko na watu wazima.

MWALIMU: Sijasema ni ya kienyeji. Nasema lugha haiko upande wako. Kifaransa kikisema namba kadhaa ni za kwanza kati yao, bila kuongeza neno, maana yake ni wote kwa pamoja. Ukitaka maana yako, lazima uongeze: wawili kwa wawili. Aliyeandika zoezi hakuongeza. Basi amekusudia wote.

BINTI: Au amesahau. Zoezi lilikuwa kwa Kifaransa kilichonakiliwa mara tatu, Mwalimu, hata nukta zilikuwa zimepotea.

MAMA: Ninyi mnaona ajabu kusahau neno moja. Sokoni neno moja linalosahauliwa ni kesi.

Hapo ndipo nilipothubutu kuingia. Niliwauliza: kama ni namba mbili tu, ubishi huu ungekuwepo?

BINTI: Usingekuwepo. Kwa wawili, "wote" na "wawili wawili" ni kitu kimoja. Okota namba mbili ovyo, kubwa upendavyo: karibu 61 katika 100 hazitashiriki kigawo, kwa maana yoyote. Okota tatu: kwa maana ya Mwalimu ni 83 katika 100, zimepanda. Kwa maana yangu ni 29 tu, zimeshuka.

HAJI: Ugomvi unaanza wa tatu akiingia. Hilo si fumbo, Mwalimu, hilo ni ushahidi wa miaka arobaini ya ndoa.

Mwalimu safari hii alicheka. Kisha akatoa kitu ambacho naamini alikuwa amekiweka tangu mwanzo.

MWALIMU: Kuna mfupa. Ulifukuliwa mwaka 1950 na Mbelgiji Jean de Heinzelin pale Ishango, Kongo, mahali mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Si mbali na sisi. Sote tuko katika bonde moja la ufa. Una umri wa miaka kama 20,000, sasa uko makumbusho Brussels. Umechanjwa mistari midogo, safu tatu. Safu moja ina mafungu manne: 11, 13, 17, 19. Binti, hizo ni nini?

BINTI: Namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20! Seti yangu hiyo. Wawili wowote hawashiriki kitu.

MWALIMU: Safu nyingine: 11, 21, 19, 9.

BINTI: 21 na 9 zinashiriki 3. Hiyo si yangu… hiyo ni yako. Wote kwa pamoja hawashiriki, lakini wawili wanashiriki.

MWALIMU: Na zote mbili jumla yake ni 60. Maana zetu mbili, bega kwa bega, kwenye mfupa mmoja, kabla ya Kifaransa na kabla ya Kiswahili.

FUNDI: Mwalimu, tuheshimiane. Huyo mtu alijua namba tasa? Mimi nikiona gia ina meno 41 nauliza kwanza kama kuna jino limevunjika.

MWALIMU: Wako wanaosema ni kalenda ya mwezi. Wako wanaosema mistari ilikuwa ya kushikia tu, mkono usiteleze.

Mimi niko na Fundi. Ili kuijua namba tasa inabidi kwanza uwe umegawa na kushindwa, na mistari kwenye mfupa haituonyeshi mtu akigawa; inatuonyesha mtu akihesabu, tena kwa uangalifu. Safu ya tatu ya mfupa huohuo, 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5, 5 tena na 7, inafanana zaidi na mtu anayezidisha mara mbili na kugawa nusu, kazi ya kila siku ya yeyote mwenye vitu vya kugawana. Lakini sikuwaambia, kwa sababu Binti alikuwa ameshika kalamu na macho yake yalikuwa Ishango, na sikuona faida ya kumrudisha.

Jua lilipokuwa linashuka ng'ambo ya ziwa, juu ya milima ya Kongo, Fundi aliuliza swali la mwisho: kesho Binti ataandika nini?

BINTI: Nitaandika majibu yote mawili, na juu ya kila moja nitaandika swali lake.

MWALIMU: Aliyetunga atakupa nusu ya alama.

BINTI: Basi na mwenzangu apewe nusu, maana yeye ameandika jibu bila swali.

MAMA: Kwa Kiswahili ungeliandikaje, kuanzia mwanzo, mtu asipotee?

Walijaribu, na hii ndiyo sehemu ambayo nilitaka kuileta kwako msomaji tangu sentensi ya kwanza. Mwalimu alijaribu "zisizo na kigawo cha shirika", na Binti akakubali kwamba hiyo ni ya wote na haina shaka. Binti akajaribu "zisizoshirikiana vigawo", na Mwalimu akasema "-ana" ile inaweza kumbeba yeyote, inapwaya. Mama ndiye aliyesema maneno mawili ambayo kila mtu pale amekuwa akiyatumia tangu utoto kupanga watoto mstarini na kuhesabu vitumbua kwenye sinia: wawili wawili. "Ambazo, ukizichukua mbili mbili, hazina kigawo cha shirika." Lugha inayorudia neno ili kusema "kila jozi peke yake" inalo tayari jembe la kazi hii, kwa hiyo anayeandika zoezi la hisabati kwa Kiswahili na bado akaacha utata hana kisingizio cha msamiati. Fundi alitaka kuongeza la kwake, "ambazo zikigusana", lakini mteja aliingia na gari lililosukumwa na vijana wanne, na mkutano ukavunjika.

Ukitaka kujua uko upande gani, chukua namba 1 hadi 12 na daftari. Hesabu seti zenye wawili au zaidi ambazo hazishiriki kigawo. Ukipata 4,015, umekaa na Mwalimu. Ukipata 235, umekaa na Binti. Ukipata namba nyingine, angalia kama umemsahau abiria wa viti viwili, uhesabu tena.